Usiku wa garba Mwanza: ukienda usikae kwenye kiti

Naanza na la muhimu kabisa, ukialikwa kwenye garba, ile ngoma ya duara ya Wahindu wa asili ya Gujarat, India, usikae kwenye kiti. Mi nilikaa kama saa nzima na ile saa bado inaniuma.

Mimi Msukuma wa Kirumba, tangu mdogo kila ikifika Septemba au Oktoba nasikia ngoma za Wahindu usiku, sijui ndani kunaendelea nini. Mwaka huu kuna mama mmoja ananiuzia vitambaa mjini, pale wote wanamwita masi, yaani mama mdogo, na mi nimeshika hilohilo, akaniambia "mwanangu kila mwaka unaniuliza, leo funga kazi mapema uje". Nikaenda. Ukumbi sitautaja maana nina lawama nazo nitazisema.

Garba inachezwa kwenye sikukuu yao ya Navaratri, maana yake usiku tisa. Masi alinieleza kwamba mungu wao wa kike, Durga, alipigana na Mahishasura, lile jitu la nyati, siku ya kumi akawa kashamshinda, na hiyo siku ya kumi ndo Dashera. Wanafuata mwezi ndo maana tarehe inahama kila mwaka.

Mlangoni kuna mabinti wanachora rangoli chini sakafuni kwa unga wa rangi, tausi na maua ya yungiyungi, wanaubana unga kati ya kidole gumba na cha shahada wanauachia kidogokidogo na mstari unatoka umenyooka bila rula bila chochote. Nilisimama pale mpaka masi akaja kunivuta. Nikamuuliza mmoja, si watu watakanyaga? Akasema "ndiyo dada, kesho tunachora nyingine".

Sasa garba yenyewe. Katikati wanaweka chungu cha udongo kina matundu, ndani taa inawaka, na neno garba asili yake Kisanskriti, tumbo la uzazi, kwa hiyo ile taa ni uhai ulioko tumboni. Wote peku, wanaizunguka taa, bibi wa miaka sabini yuko duara moja na mtoto wa darasa la pili, sketi za wakina dada zina vioo vidogovidogo vinamwaga mwanga kila wakigeuka, muimbaji anatoa mstari wenzake wanaupokea, na dhol, ngoma yao kubwa, inaanza taratibu kama inakubembeleza halafu inapanda inapanda mpaka mwili unakwenda wenyewe. Anza na hatua ya makofi mawili, be tali, ukiizoea ndo uende tran tali ya makofi matatu. Masi alinishika mkono akaniambia nisiangalie miguu, nisikilize ngoma. Kweli, raundi ya tatu nikawa nimeshika.

Mi nimekulia kwenye Bulabo, sikukuu yetu Wasukuma ya ngoma pale Bujora, Kisesa, nimeona Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wakishindana nani anavuta watu wengi, na ngoma ya bugobogobo na majembe yanavyorushwa juu, kwa hiyo ngoma naijua. Kwetu uzuri upo kwenye ushindani, manju, yule kiongozi wa ngoma, anakutafuta wewe mtazamaji ubaki upande wake usihamie kwa mwenzake. Kule kwa masi hakuna wa kumvuta maana karibu kila mtu yumo ndani ya duara na macho yako kwenye taa. Nilipokuwa kwenye kiti niliona watu wanazunguka tu, nilipoingia nikaelewa. UNESCO waliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2023, na aisee wamestahili.

Baadaye ikaja dandiya, ile ya vijiti, mnasimama mistari miwili mnagonganisha na kubadilishana wenzi. Nzuri ila kuna vijana wanagonga kwa nguvu mno, linda vidole.

Chakula hakina nyama wala yai, usiende na hamu ya sato. Bajia na kachori za kawaida, chevda, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna, safi, lakini jalebi inayotoka kwenye karai mbele yako inadondosha shira, hiyo peke yake ungepanda bajaji kuifuata. Chai ya iliki nimekunywa vikombe vitatu.

Lawama sasa. Getini mlinzi alinihoji unaenda kwa nani, kakualika nani, na Wahindu wanapita hapohapo pembeni yangu hawaulizwi kitu. Iliniuma, mi nimezaliwa mji huu. Masi alipojua alikwenda kuongea nao mwenyewe. La pili, matangazo yote Kigujarati, karatasi moja tu ya Kiswahili pale mlangoni ingetosha mgeni ajue lini asimame lini avue viatu. Spika nazo zilikuwa juu mno, ukikaa karibu huongei na mtu.

Ukienda vaa nguo ya heshima inayoachia miguu, sketi pana ndo yenyewe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa wakati wa aarti, pale taa zinapozungushwa mbele ya Durga na watu wote wanaimba. Usiondoke kabla yake! Na prasad, chakula kilichobarikiwa, ukipewa pokea kwa mkono wa kulia.

Diwali inakuja kama siku 20 baada ya Dashera, na wale mabinti wa rangoli wameniambia nije mchana niwasaidie kuchora. Nimeshaomba ruhusa kazini.