Una laki tatu na unataka ofisi nyumbani? Anza na kiti, meza ije mwisho

Mtu akipata kazi ya kufanyia nyumbani, akili yake inakimbilia meza. Hata mimi. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Tabata, naandika hesabu za wenye maduka, na pesa ya kwanza ya maana niliyoishika ilikwenda yote kwenye meza ya mninga yenye droo tatu. Nikaiweka dirishani, nikaipiga picha, nikamtumia mama. Kisha nikavuta kiti cha plastiki, vile vyeupe vya kukodisha kwenye shughuli, nikaanza kazi. Kufikia mwezi wa tatu wa kukikalia nilikuwa nainuka kwa awamu, kama bibi anayeshuka daladala.

Ndiyo maana kwenye orodha hii meza iko mkiani. Nimeipanga kwa mtu mwenye laki tatu ambaye laptopu tayari anayo. Bei ninazotaja ni dari ninazojiwekea mwenyewe hapa Dar es Salaam: nikitajiwa zaidi ya hapo, naendelea kupatana au naaga. Ukiwa kwingine hesabu itabadilika, mfuatano ubaki huohuo.

1. Kiti: hadi laki na nusu

Nusu ya pesa yote, ndiyo. Na hapa kuna ngazi zake.

Bora kuliko vyote ni kiti cha mtumba kilichotoka ofisini. Ofisi zikihama au zikibadilisha samani, vitu vya zamani huishia kwenye minada na kwa wauzaji wa samani zilizotumika. Kiti cha namna hiyo kilitengenezwa kikaliwe kutwa nzima, na watu wa kila uzito. Kitambaa kinaweza kuwa kimefubaa, lakini mifupa mizima.

Kinachofuata, na hiki wengi hawakitarajii, ni kiti cha mbao cha kulia chakula chenye egemeo lililosimama vizuri. Kikatie sponji ngumu ya inchi mbili, fundi cherehani akushonee foronya yake, halafu weka mto mdogo kiunoni. Hakipandi wala hakizunguki, lakini ulivyokaa asubuhi ndivyo utakavyokuwa umekaa jioni.

Cha tatu ni kile kiti kipya cha bei rahisi kinachokuja kwenye boksi. Hapa nimeshaumia. Niliuziwa kimoja cheusi, cha ngozi bandia, kinang'aa. Baada ya miezi mitano bomba la gesi linalokipandisha na kukishusha likachoka: naanza kazi nikiwa mrefu, baada ya nusu saa kidevu kiko usawa wa kibodi. Ngozi nayo, kwa joto letu hili, ikaanza kubanduka vipande vinavyoganda kwenye mapaja. Niliporudi dukani nikaambiwa warantii haihusu "matumizi makubwa". Matumizi yenyewe yalikuwa kukikalia.

Viti vya wacheza gemu, vile vyenye mabawa na rangi mbili, ninaviweka chini kabisa. Sehemu kubwa ya pesa unalipia sura.

Ukimpata muuzaji wa mtumba, usikimbilie kukaa. Kipindue kiti. Hesabu miguu ya ile nyota ya chini: iwe mitano, na ikiwa ya chuma au alumini ni bora kuliko ya plastiki. Tafuta nyufa pale mguu unapokutana na katikati. Zungusha kila gurudumu kwa kidole. Kisha kisimamishe, kipandishe mpaka juu kabisa, ukae, na sasa ndiyo uanze kupatana bei. Patana taratibu, dakika kumi hivi, ukiwa umekaa. Kama mwishoni mwa mazungumzo muuzaji anaonekana mrefu kuliko alivyokuwa mwanzo, gesi imekwisha. Mwisho bonyeza sponji kwa dole gumba. Ukigusa ubao, punguza bei ya sponji mpya. Na ukiwa na hiari, chukua cha kitambaa au cha neti. Ngozi bandia na jasho la Februari haviendani.

2. Ruta isizimike: hadi elfu sitini

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuingiza umeme kwenye gridi mapema 2024, ule mgao wa ratiba umepungua. Lakini nguzo bado zinaanguka, transfoma bado zinalipuka, na matengenezo ya Jumamosi hayajawahi kuisha. Tofauti ni kwamba siku hizi unapambana na saa mbili au tatu za giza. Kwa hiyo inveta na betri kubwa ya gari si ununuzi wa mtu wa laki tatu. Unachohitaji ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoshika kazi umeme ukikatika, ile yenye ukubwa wa kitabu kidogo, inayokaa kati ya adapta na ruta.

Usinunue kwa kutazama namba kubwa kwenye boksi. Nyingi huandikwa 8,800 mAh, na namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani. Zidisha, gawa kwa elfu moja: unapata kama wati-saa 32. Toa kinachopotea njiani, zikabaki 27 hivi. Ruta inayokula wati 9 itakaa saa tatu. Hiyo ndiyo hesabu halisi, muuzaji akikuapia saa nane mwitikie tu kwa adabu. Halafu geuza adapta ya ruta yako usome volti: nyingi ni 12, baadhi ni 9, na kuna za 5. Ukichomeka tundu la 12 kwenye ruta ya 9 unaweza kuiua kabla umeme haujakatika hata mara moja. Wenye intaneti ya faiba waangalie pia ukutani: wakati mwingine kuna kijisanduku cha pili kinachohitaji umeme wake, na ruta kuwaka peke yake haitakusaidia kitu.

Haya yote yanategemea betri ya laptopu iwe hai. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo iliozaliwa nao na uwezo ilionao sasa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, betri mpya inapanda hadi namba mbili na UPS ya ruta inasubiri.

Anayetumia kompyuta ya mezani hana ujanja, anunue UPS ya kawaida, ile nzito inayolia. Lengo lake ni kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, basi.

Tenga na elfu thelathini kwa ekstensheni nzuri. Iinue mkononi: ikiwa nyepesi kama sahani ya plastiki, irudishe. Waya uwe mnene, plagi iwe ya pini tatu yenye fyuzi ndani. Umeme ukikatika chomoa laptopu, ukirudi subiri dakika mbili tatu kabla ya kuchomeka. Ule wa kwanza kurudi huja na hasira.

3. Kibodi na mausi: hadi elfu thelathini

Shingo inaumia kwa sababu skrini ya laptopu iko chini, na skrini ikiinuliwa, mikono haifikii vitufe. Dawa ni kuvitenganisha. Pandisha laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, kisha tumia kibodi na mausi za pembeni. Stendi za kuuzwa zipo, ila pesa hiyo ibaki mfukoni. Laptopu yangu kwa mwaka mzima ilikaa juu ya kreti la soda lililolazwa ubavu, na ndani ya kreti nikahifadhi risiti za wateja.

Chukua za waya. Ni rahisi zaidi, hazidai betri, na anayefanya hesabu ahakikishe kibodi ina namba upande wa kulia.

4. Hedifoni zenye waya: hadi elfu ishirini

Nyumba nyingi za kupanga zimeezekwa bati, na wengine hatuna dari ya maana. Mvua ya masika ikianza katikati ya mkutano, maiki ya laptopu itawapelekea wenzako mvua tu. Unahitaji maiki inayokaa karibu na mdomo. Pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, utazipata kwa malundo, na kabla hujauliza bei tazama pini: ikiwa na mistari mitatu, ina maiki. Ikiwa na miwili, utasikia watu lakini wao hawatakusikia. Zile ndogo zisizo na waya zenye nembo ya kampuni kubwa na bei ya chapati, ziache zilipo.

5. Taa: elfu kumi inatosha

Balbu ya LED ya wati 9 kwenye kishikio chochote cha mezani. Iweke upande wa mkono usioandikia ili kivuli kisiangukie daftari. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa mgongoni kwako, kwenye video utaonekana kivuli kinachozungumza.

Hapo laki tatu imeisha. Kinachobaki kinunuliwe na kazi yenyewe, hela ikianza kuingia.

6. Skrini ya pili

Kwa anayefungua majedwali mawili kwa wakati mmoja, skrini ya mtumba ya inchi 22 au 24 ndiyo kitu kitakachokurudishia muda. Tafuta zile za maofisini za Dell, HP au Lenovo, zenye stendi inayopanda na kushuka. Nenda na laptopu yako dukani. Washa ukurasa mweupe ukaze skrini nzima, kisha mweusi. Madoa na mistari itajitokeza. Kagua matundu ya nyuma ya kuchomekea waya wa picha, yalingane na ya laptopu yako, maana za zamani zinaweza kuwa na VGA na DisplayPort bila HDMI, na adapta ni gharama nyingine. Runinga ya inchi 32 uliyonayo sebuleni usiitegemee. Nyingi zina pikseli 1366 kwa 768 tu, na maandishi yakikaribia macho yanavimba.

Printa sikuiweka popote. Stesheneri ipo pale kona, na wino ukikauka ni wa kwao.

7. Meza

Mpaka sasa umekuwa ukitumia meza ya chakula, na umeshajua nini kinakukera. Umejua unaandika kwa mkono kiasi gani, waya zako zinaelekea wapi, na kama kweli unahitaji droo. Sasa nenda Keko, kwa mafundi samani.

Kabla ya kwenda, kaa kwenye kile kiti chako, nyayo zote sakafuni, kunja mikono kama unaandika, na mtu akupime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mimi ni mfupi, nilipata sentimita 66. Meza nyingi zinatengenezwa kwenye 75, ndiyo maana ile ya mninga ilikuwa inanipandisha mabega mpaka masikioni na mimi nikalaumu kiti peke yake.

"Dada, sitini na sita ni ya mtoto wa shule," fundi aliniambia, akicheka na kijana wake.

"Fundi, naomba unipimie mwenyewe basi."

Akavuta stuli, akanipima kwa futi yake, akanyamaza. Tukakutana kwenye 68.

Kwa bajeti yetu, mninga wa nini? Fremu ya chuma cha bomba na ubao wa MDF juu, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, inatosha, mradi kingo zote zifunikwe, kwani MDF ikinywa maji inavimba kama andazi. Kina kisipungue sentimita 60, la sivyo skrini itakukaa puani. Lipa nusu, nusu nyingine siku ya kuchukua, na siku hiyo iegemee kwa viwiko vyote viwili uone kama inayumba. Tundu la kupitishia waya mwambie alitoboe nyuma upande wa soketi yako, akiwa bado hajafunika kingo. Ukimkumbusha baadaye atakuchania ubao.