Kompyuta ya mezani imezeeka na inajikokota: ununue nini kwanza?

Kabla hujatoa hela, washa mashine, iache itulie dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Tazama safu ya diski. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa haina kazi ya maana, hadi diski (hard disk, ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka) ndiyo inayokuchelewesha. Tazama na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) pia, kwa sababu RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na unaweza kumlaumu asiyehusika.

Halafu pima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Mstari wa kuusoma kwanza ni Current Pending Sector: ukiona namba yoyote isiyo sifuri kwenye safu yake ya Raw Values, nakili faili zako leo hii, tena zile zisizopatikana kwingine ndizo zianze. Usiendeshe defrag (kupanga upya vipande vya faili) kwenye diski inayokufa, unaiongezea kazi tu. Na ikiwa inagonga kwa mlio wa ta-ta-ta, zima.

Chaguo langu la kwanza, bila kusitasita, ni SSD (diski ya chipu) ya SATA, yaani inayounganishwa kwa kebo ya SATA kama hadi diski, ya inchi 2.5. Hadi diski ina mkono unaosogea juu ya sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na kila data ndogo inayotafutwa hula milisekunde kumi hivi. Windows ikiwaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, ndiyo maana unasubiri. SSD haina kitu kinachosogea. Hata ubao mama wa zamani wa SATA II, unaoishia kama MB 300 kwa sekunde, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Chukua GB 500 ukiweza. GB 240 inamtosha mtu wa nyaraka na intaneti. Kati ya TLC na QLC, aina mbili za chipu za SSD, chagua TLC, kwa kuwa QLC hupungua kasi sana unapoandika faili kubwa. Jihadhari na SSD ya jina usilolijua inayodai TB nyingi kwa bei ya kutupa: baadhi zimedanganywa ujazo, na faili zinazozidi ujazo halisi hupotea kimyakimya. Nunua na kebo ya data ya SATA, maana kwa kawaida haimo kwenye boksi, na hakikisha pawa saplai ina plagi ya SATA iliyo wazi.

Ya pili ni RAM, lakini ikiwa tu Task Manager imeonyesha inajaa. Kutoka GB 4 kwenda 8 ni hatua kubwa. Kutoka 8 kwenda 16, kwa kazi za kawaida, huenda usihisi kitu. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na RAM ya laptopu ni fupi, haitakaa. Fungua kava usome kibandiko cha iliyomo.

NVMe, SSD ya aina mpya isiyotumia SATA, naiweka ya tatu ingawa kwa namba ndiyo yenye kasi kuliko zote. Mbao mama nyingi za zamani haziwezi kuwasha Windows kutoka NVMe hata ukitumia adapta, na nafasi nyingine za M.2 (tundu dogo la SSD kwenye ubao mama) hupokea SATA peke yake. Soma mwongozo wa ubao kwanza.

Hadi diski mpya inafaa kuhifadhia picha na video tu. Iliyotumika, hapana.

Ikiwa prosesa yenyewe ndiyo inayokaa asilimia 100, au haikubaliki kwenye Windows 11, pima tena: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, juu ya SSD itaipa mashine hiyo miaka mingine ya kazi. Na ukiamua kuiacha, RAM ya DDR3 itabaki nayo, lakini SSD utaichomoa uende nayo kwenye kompyuta inayofuata.