Slopu ndogo, vigae gani? Aina tatu za vigae na mabati yaliyo sokoni Kisumu na Nakuru, na vinavyovuja

Paa la chumba cha kuongeza huamuliwa na kitu ambacho mwenye nyumba hakukichagua: kimo cha upenu wa nyumba kubwa. Tuseme upenu uko mita 2.6 kutoka sakafuni. Chumba kipya kinaingia chini yake, na ukuta wake wa nje una mlango wa mita 2.1 na linta juu yake. Kinachobaki cha kuteremkia ni sentimita 30 hivi. Kwa upana wa mita 3, hiyo ni slopu (mteremko) ya digrii 6. Hapo hakuna kigae cha aina yoyote kitakachokuwekea chumba kikavu, hata muuzaji akuapie.

Kwa hiyo pima kwanza, rangi baadaye. Laza pima maji ya mita moja kwenye mbao ya kenchi (fremu inayobeba paa), inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Sentimita 9 ni digrii 5, 18 ni 10, 27 ni 15, 41 ni 22.5, na 58 ni 30. Nenda dukani na namba hiyo mfukoni.

Vigae vya udongo: vizuri machoni, vinatunza ubaridi, na vinataka digrii 25 hadi 30. Kwa chumba cha slopu ndogo, visahau.

Vigae vya saruji ndivyo vinavyowaponza wengi, kwa sababu nyumba kubwa tayari inavyo na mwenyewe anataka vifanane. Kwa vingi, digrii 17.5 ndiyo mwisho wa chini, na hata hapo lazima pawe na nailoni nzito chini ya papi (mbao nyembamba zinazoshikilia vigae). Kuanzia 22 ndipo unalala usingizi. Ila kuna hesabu ambayo wachache huifanya. Kila kigae kimeegemea kichwa cha kilicho chini yake, hivyo kimelala zaidi kuliko kenchi yenyewe. Kenchi ikiwa digrii 15, kigae kiko 11 hivi. Mvua ya jioni ya Kisumu huja na upepo, na upepo huo husukuma maji kurudi juu kupitia pale vigae vinapopandana. Maji hayahitaji tundu. Fundi akipandanisha sentimita 7.5 badala ya 10 ili kubana idadi, amekufungulia mlango. Kwa kigae cha sentimita 42 kwa 33, kupandana kwa 10 kunakula vigae 10 na kitu kwa mita ya mraba. Agiza 11 kwa sababu ya vinavyovunjika. Uzito nao ni karibu kilo 45 kwa mita ya mraba. Paa la mfano wetu, la mita 3.3 kwa 4.4, linabeba zaidi ya kilo 650 kabla ya mvua kunyesha, na kenchi za inchi 3 kwa 2 zilizokusudiwa mabati zitapinda.

Vigae vya chuma vyenye changarawe, ambavyo mtaani vyote huitwa Decra hata vikiwa vya kampuni nyingine, ndivyo chaguo letu kwa slopu ya digrii 15 kwenda juu. Watengenezaji wengi huandika 12 hadi 15 kuwa kiwango cha chini. Sisi tungechukua 15, hasa ukanda wa Kakamega ambako mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ni kilo 7 hivi kwa mita ya mraba, na kwa paa lile lile la mfano vipande 35 vinatosha pamoja na vya kukatwa. Papi hukaa kila sentimita 37 hivi, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji, kwani kosa la sentimita moja hurudiwa kila safu na mwisho wa paa vigae havikai. Kosa la pili ni grainda. Cheche zake huunguza rangi na kinga ya zinki, kisha kutu huanza ukingoni. Dai mkasi wa mabati. Na kwa wanaokinga maji ya mvua, jambo la kawaida Nakuru kwa sababu ya floraidi iliyo katika maji ya visima, changarawe iliyolegea itaingia kwenye gata miezi ya kwanza; mwaga maji ya mvua za mwanzo.

Chini ya digrii 12, nunua mabati ya box profile (yenye migongo ya pembe kama boksi) na usitafute mengine. Agiza bati refu moja kutoka ukutani hadi kwenye gata, bila kiungo katikati. Kwa mfano wetu ni mabati matano ya mita 3.4, ikiwa moja linafunika sentimita 90. Namba ya geji (kipimo cha unene) ikipanda bati linakuwa jembamba: 28 ni bora kuliko 30, na 32 ni ya banda la kuku. Muulize muuzaji unene kwa milimita, tena bila rangi. Weka papi kila sentimita 90. Ukiachia mita 1.2 kwa geji 30, fundi akikanyaga katikati bati hubonyea, na kwenye slopu ndogo kibonyeo ni kidimbwi. Viungo vya ubavuni vitiwe utepe wa butili (mpira unaonata), na skrubu ziwe na mpira. Skrubu ikikazwa mpaka mpira umetoka pembeni kama jamu kwenye mkate, imeharibika tayari.

Uvujaji mwingi wa vyumba hivi, hata hivyo, hautoki kwenye bati bali pale paa linapokutana na ukuta wa zamani. Mafundi hupaka saruji pale na kuondoka. Bati hutanuka juani na kunywea usiku, saruji haiwezi kuufuata mwendo huo, na kabla ya masika ya pili kuna ufa. Njia sahihi: chora mfuo wa sentimita 2.5 ndani ya ukuta, ingiza flashingi (bati lililokunjwa la kuziba kiungo hicho), ipande ukutani angalau sentimita 15 na ilale juu ya bati vivyo hivyo. Kabla ya kuiweka flashingi, kunja juu ncha ya kila bonde la bati kwa koleo, ili maji yanayorudishwa na upepo yagonge ukingo na kugeuka. Kazi hiyo ni dakika kumi tu.

Usiruhusu silingi ifungwe kabla ya kujaribu na mpira wa maji. Anzia kwenye gata, kaa dakika kumi, panda kidogo, kaa tena, na umalizie kwenye flashingi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.