Miaka minne ya sheria Iringa: ada yangu ilirudi siku za Jumatano

Mwaka huu wadogo zangu watatu, wawili wa Makambako na mmoja wa Ilula, wameniuliza kama wakasome sheria, na kama lile somo la haki za binadamu lina kazi yoyote au ni la kupamba cheti tu. Kwenye simu tunaishia njiani, salio linakata, kwa hiyo naandika mara moja tumalizane. Chuo sikitaji. Ni kimoja cha hapa Iringa mjini, na yote haya nilishamwambia mkuu wa kitivo uso kwa uso.

Niliingia Oktoba 2019 nikiwa na miaka 33, mwalimu wa shule ya msingi niliyechoka kula vumbi la chaki. Wenzangu wengi walikuwa wametoka tu kidato cha sita, wakawa wananiita mama. Chumba nilipanga Kihesa. Mkopo wa Bodi sikupata, kwa hiyo siku boom, yaani hela ya mkopo, likiingia na wenzangu wakihamia kwenye chipsi kuku, mimi nilikuwa nampigia kaka yangu Mufindi kumuuliza kama lumbesa za viazi zimeshauzwa. Ada ilizidi Sh1.5 milioni kwa mwaka. Mtu aliyelipa ada kwa viazi hasahau kuuliza amepata nini.

Miaka miwili ya mwanzo sina mengi ya kusema. Mikataba, jinai, madhara, katiba. Madesa yanatolewa kopi stationari ya nje ya geti, unakariri, unajibu, unasahau. Maktaba ilikuwa na ripoti za kesi za Tanzania zenye jalada gumu, nakala moja moja, na ukurasa unaoutaka ndio uliochanwa. Kama si TanzLII, ambako hukumu zinasomeka bure hata kwa simu ya kioo kilichopasuka, ningekuwa nimedisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, mapema.

Kilichonikera zaidi ni lugha. Mwaka 2021, nikiwa mwaka wa pili, sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia. Jumatatu yake tukarudi darasani kujibu jaribio kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo tulivyomaliza. Nina marafiki wenye alama za juu ambao ukiwaambia wamweleze mzee wa Kalenga maana ya dhamana, wanaanza kutokwa jasho.

Sasa haki za binadamu, mwaka wa tatu. Mhadhiri aliingia siku ya kwanza bila kuwasha projekta, akauliza: "Nani hapa katoka Ludewa?" Mkono mmoja ukanyooka. Akasema, "Basi leo tunamsoma mtu wa kwenu." Akaanza kumsimulia Mchungaji Christopher Mtikila, jinsi alivyofungua kesi Dodoma mwaka 1993 akidai, pamoja na mengine, kwamba mtu aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Jaji Lugakingira akamkubalia mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo kulizuia hilo. Akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua. Hakulala. Alienda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na Juni 2013 akashinda yeye na waliofungua naye. Mgombea binafsi hatujamwona mpaka leo. Halafu mhadhiri akatukumbusha kwamba Novemba 2019, sisi hatujamaliza hata miezi miwili chuoni, Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi kwenda mwenyewe kwenye mahakama hiyo. Yule binti wa Ludewa alikuwa hajawahi kusikia hata neno moja la haya, na nyumbani ni kwao.

Wiki ya tatu ilikuwa kesi ya Ephrahim na Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya kauza shamba alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu yake anapinga kwa sababu mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inagongana na Katiba. Darasa lilichemka. Kijana mmoja wa Makete alisimama akasema Wahaya wana yao na sisi tuna yetu, wasichana wote wakamrukia, na nusu saa nzima hakuna aliyetazama simu. Kama somo lote lingekuwa hivyo, nisingekuwa na la kulalamika.

Halikuwa hivyo. Kuanzia wiki ya tano tukahamia kwenye mikataba ya kimataifa, na hapo somo likageuka orodha ya miaka: 1948, 1966, 1979, 1981. Mtihani wa mwisho ukataka tueleze vizazi vitatu vya haki, yaani makundi matatu ambayo vitabu huzigawa. Nilipata A. Nilijua kwamba kesi ya haki za msingi inafunguliwa Mahakama Kuu, lakini muhula mzima hakuna aliyetuonyesha hati ya kufungulia kesi kama hiyo inafananaje.

Kilichonirudishia ada ni dawati la msaada wa kisheria, kila Jumatano. Chumba kilikuwa stoo zamani: meza moja, viti vitatu vya plastiki, kalenda ya benki ya mwaka juzi. Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja msaidizi wa kisheria. Shahada hana.

Tarehe 8 Juni 2022, baridi ile ya Juni inayoingia hadi kwenye mifupa, akaja mama kutoka Kilolo na binti yake wa miaka 17. "Kamwene." "Kamwene." Binti alikuwa dada wa kazi Dar es Salaam, ametimuliwa Jumatatu ya Pasaka, mshahara wa miezi minane hajaona. Mama yake akaniangalia mimi, kwa kuwa ndiye niliyevaa suti. "Mwanangu, hizi hela tunazidai wapi?"

Kichwani kulikuwa na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Ningeweza kuutaja kwa usingizi. Wapi pa kudai, sikujua. Nilifungua daftari nikajifanya natafuta kalamu.

Msimamizi akahesabu kwa vidole. "Pasaka mpaka leo siku 51. Kulalamikia kutimuliwa ni siku 30, zimepita. Madai ya mshahara ni 60. Tuna siku 9." Akatoa fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Halafu akaeleza kitu ambacho darasani hakikutajwa hata kwa bahati mbaya: mgogoro unapelekwa ofisi ya CMA ya kule ulikotokea, maana yake Dar, isipokuwa Tume yenyewe iagize vingine. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa karibu sawa na mshahara wa mwezi wa yule binti.

Akachukua simu, akaweka spika. "Shikamoo mama. Nakupigia kutoka msaada wa kisheria Iringa, tuko hapa na binti yako wa kazi." Sauti ya upande wa pili ikapanda: binti kamvunjia sahani za wageni. "Pole sana mama. Sahani zina bei. Tuandikie bei yake, tuitoe kwenye miezi minane, inayobaki utume. Ukishindwa, fomu tumeshaijaza." Kimya. Nilisikia feni inazunguka huko Dar.

Baada ya siku sita iliingia hela ya miezi mitano. Mama wa Kilolo akaridhika, akasema inatosha kuezeka jiko. Mimi sijaridhika mpaka leo, miezi mitatu ile inaniuma kama deni langu mwenyewe.

Kasoro ya dawati: halina alama. Ni la kujitolea, nafasi 8, darasa letu lilizidi watu mia. Wengi wamehitimu hawajawahi kukaa mbele ya mtu mwenye shida. Oktoba 2022 yalipotoka matokeo ya Shule ya Sheria kule Dar, wanakopitia wenye shahada kabla ya kuwa mawakili, kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26, nchi nzima ikapiga kelele, ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela. Mimi nilikumbuka ile stoo na viti vyake vitatu.

Kwa hiyo: shahada kwa ujumla naipa tatu kati ya tano. Somo la haki za binadamu, wiki nne za mwanzo tano, zilizobaki mbili. Dawati la Jumatano tano, na mama msimamizi ningempa ya sita kama ingekuwepo.

Mdogo wangu wa Ilula, wewe ndiye nadhani utakwenda kweli. Karatasi ya kujiandikisha dawati hubandikwa Ijumaa jioni ya wiki ya kwanza, ubao wa karibu na ofisi ya mhasibu, na Jumatatu asubuhi imeshajaa. Usiende nyumbani wikiendi hiyo. Na ubebe sweta, stoo haina dirisha la kufunga.