Nilichojifunza baada ya kuambiwa niko CRB

Nauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu, mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa pili nilienda kwenye sacco yetu kuomba 80,000 niongeze belo la nguo za watoto. Kijana wa mikopo aliangalia kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, inaonekana kuna mkopo hujalipa." Niliumia. Deni la mtu hunikosesha usingizi.

CRB ni ofisi zinazoweka rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo, na Kenya ina 3 zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kila ofisi, nami nikaomba kote. Mbili zilinionyesha mlipaji mzuri, ingawa alama zenyewe, yaani namba ya kuonyesha unavyoaminika kukopeshwa, hazikulingana. Ya tatu ilikuwa na deni la 3,400 la mkopo wa simu nilioumaliza mwaka uliotangulia, na alama yangu ilikuwa imeporomoka.

Nilidhani alama ni moja, kama uzani wa kilo sokoni. Sivyo. Kila ofisi ina hesabu yake, na inahesabu kile tu ilicholetewa na wakopeshaji. Kwangu kosa lilianzia kwa mkopeshaji: malipo ya mwisho hayakuwahi kuingizwa kwenye akaunti yangu. Ilani ambayo mtu anapaswa kupewa kabla ya kuorodheshwa ilitumwa kwa laini niliyopoteza zamani. Ndugu zangu, ukibadilisha namba ya simu, waambie wote waliowahi kukukopesha!

Kupinga hakukunigharimu pesa. Nilituma nakala ya kitambulisho na ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala. Bila ujumbe ule sijui ningejitetea vipi, na nusura niufute simu ilipojaa. Siku ya 17 deni liliondolewa. Na ni vyema nililipinga badala ya kulilipa tena ili yaishe, maana deni lililochelewa likishalipwa, historia yake hubaki kwenye rekodi miaka 5.

Je, alama hii ni ya kutegemewa? Ripoti yenyewe naiamini, kwa sababu nasoma mstari kwa mstari: nani alinikopesha, lini, kiasi gani, na naweza kubisha. Alama peke yake siiamini hivyo. Haioni 500 ninazotoa kwenye chama kila Jumapili bila kukosa, wala yule muuzaji wa jumla anayenipa belo leo nimlipe Ijumaa kwa neno langu tu. Hayo ndiyo yangemwambia mkopeshaji mimi ni nani.

Huduma naipa nyota 3 kati ya 5. Ripoti ni rahisi kupata na malalamiko yanasikilizwa. Nyota 2 nimezizuia kwa sababu ya zile siku 17: mkopo ulipopita, belo nililolitaka lilikuwa limeshachukuliwa na mwingine.