Siku 19 chelezoni: uzoefu wangu wa kupandisha boti ya tanga nchi kavu

Yadi hii naipa nyota nne kati ya tano. Tatu kati ya hizo ni kwa sababu moja: hawakufunika kitu chochote kabla mimi sijakiona. Ile moja niliyowanyima nitaieleza mbele.

Boti yangu ni ya faibaglasi, urefu mita 11, iliundwa 1986. Mkuku wake, yaani lile pezi zito la chini kabisa, ni wa chuma, na injini ni ya dizeli yenye shafti ya moja kwa moja, ile fimbo ya chuma inayoizungusha rafadha (propela). Ilikuwa imekaa majini miezi 26 mfululizo. Kilichonisukuma kuipandisha ni mwendo: injini ilizunguka vilevile, lakini boti ilikuwa imepoteza zaidi ya maili moja ya baharini kwa saa, na shafti ilikuwa imeanza kuitetemesha sakafu ya chumba cha nyuma.

Dereva wa kreni aliniuliza swali la kwanza kabla hata sijafunga kamba: "Una picha ya boti ikiwa juu, nje ya maji?" Nilikuwa nayo. Akataka kujua shafti inaanzia wapi, lile bapa la usukani la chini ya maji liko wapi, na kile kigurudumu cha kupimia mwendo kinatokezea upande gani. Mkanda wa kreni ukikaa juu ya shafti, boti inanyanyuka na shafti inapinda. Tukabandika utepe kwenye ukingo wa sitaha, pale mikanda miwili inapotakiwa kupita. Utepe ule sitaubandua tena. Kila atakayeinyanyua boti hii ataukuta.

Walipoinyanyua, hawakuiacha ikauke. Mashine ya maji ya kasi ilikuwa imeshawashwa. Mwani na vile vikombe vidogo vyenye ncha kali hutoka kwa urahisi vikiwa bado vibichi; viache siku moja juani, vinageuka saruji na utavikwangua kwa mikono wiki nzima. Maji yote machafu yaliingia kwenye mfereji wenye tangi, hayakurudi baharini. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu kinachotoka pale ni mwani pamoja na rangi yenye sumu, ile inayopakwa tumboni mwa boti kuzuia viumbe wa baharini wasishike.

Kisha boti ikashushwa juu ya magogo. Anayepandisha boti kwa mara ya kwanza huziona zile nguzo za pembeni akadhani ndizo zinazobeba mzigo. Sivyo. Uzito wote unakaa kwenye mkuku, juu ya magogo. Nguzo kazi yake ni kuizuia boti isilale upande. Kila nguzo ilifungwa kwa mnyororo na mwenzake wa upande wa pili, ili zisiteleze kwenda nje. Jirani yangu alifunga turubai lake la kivuli kwenye nguzo, na kabla ya saa kupita fundi mkuu alikuja kulifungua mwenyewe. Upepo ukilijaza turubai lile, linaivuta nguzo mahali pake.

Halafu ikafika saa moja ambayo ndiyo ninayowasifia zaidi. Fundi mkuu alikuja na chaki, tochi na nyundo ndogo ya plastiki, akaniambia, "Kapteni, tuzunguke wote wawili kabla haijakauka." Tumbo la boti likiwa bado na unyevu huonyesha mambo ambayo kesho yake huyaoni. Alipitisha kiganja taratibu, na kila alipokuta malengelenge alizungushia duara. Tulihesabu 14, mengi yakiwa na upana wa shilingi. Alitoboa moja mbele yangu (macho yakiwa yamefunikwa kwa miwani, maana maji yale yamo kwa mgandamizo) likatoka tone lenye harufu kali kama siki. Hiyo ndiyo dalili yenyewe: maji yamepenya kwenye jelikoti (tabaka laini la nje la faibaglasi), yakachanganyika na kemikali zilizobaki ndani ya faibaglasi, yakawa tindikali.

Hapa ndipo yadi nyingi zingeniuzia kazi kubwa ya kumenya tumbo zima. Yeye alisema malengelenge 14 kwenye boti ya umri ule ni jambo la kutibu moja moja. Tuliyafungua yote, tukayasuuza kwa maji baridi siku baada ya siku hadi ile harufu ikaisha, tukayaacha yakauke, kisha yakajazwa kwa epoksi. Ukifunika lengelenge ambalo halijakauka, unafungia maji ndani, na yatarudi.

Nyundo ndiyo iliyonipa mshtuko. Boti yangu ina koki saba zinazopitisha maji chini ya mstari wa maji. Sita ziliitika kwa mlio mkali wa chuma kizima. Ya saba, ile ya sinki la jikoni, ilitoa mlio mfu. Fundi kijana aliyekuwa ndani alikwangua shingo ya koki kwa ncha ya kisu, akaniita nishuke nione. Chini ya uchafu rangi ilikuwa ya waridi badala ya njano. Aliishika ile shingo ambayo mpira wa maji huvaliwa, akaizungusha kidogo, ikabaki mkononi mwake.

Nilikaa kwenye ngazi kwa muda. Nimelala ndani ya boti hii usiku mwingi, na watoto wangu wamelala humo, koki ile ikiwa wazi.

Maelezo yake ni haya. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ndani ya maji ya chumvi zinki huliwa polepole, ikabaki shaba yenye vitundu isiyo na nguvu, na kwa nje kitu kinaonekana kizima. Bronzi hustahimili zaidi, ndiyo maana koki sita za asili zilikuwa salama. Ya saba ilibadilishwa na mmiliki aliyenitangulia, akaweka ya dukani ya mabomba ya nyumba. Tumeweka ya bronzi, na kila mpira sasa una klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Pembeni ya kila koki nimefunga kwa uzi kigingi cha mti chenye ncha, cha kupigilia tundu likifumuka. Kama boti yako ina koki ambazo hujui zimetengenezwa kwa nini, nakusihi uzikwangue zote safari ijayo ukiwa juu.

Mtetemo wa shafti chanzo chake kilikuwa bushi ya mpira inayoishikilia shafti karibu na rafadha. Niliishika shafti kwa mikono miwili nikaitikisa, ikacheza waziwazi. Bushi mpya ilichelewa siku sita. Kuchelewa nakuelewa, nilichokosa ni mtu wa kuniambia. Kila asubuhi nilisikia "kesho", na kazi nyingine zilizoitegemea zikasimama nami nikiwa ninaishi juu ya boti, natumia ngazi ya mita tatu kwenda msalani usiku. Hapo nilikata nusu ya ile nyota.

Rangi ya chini niliamua kupaka mwenyewe, na waliniruhusu kwa masharti mawili ambayo nayaunga mkono kabisa: msasa wa maji tu, na barakoa yenye vichujio. Vumbi la rangi hii ni sumu, na kwenye boti ya 1986 huwezi kujua kuna nini kwenye matabaka ya chini. Zamani rangi nyingi zilikuwa na tributilitini, kemikali ya bati iliyoharibu chaza na konokono wa baharini vibaya mno. Ufaransa iliibana kwa boti ndogo mwaka 1982 baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kuharibika, Uingereza ikafuata 1987, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa 2001 ukaanza kutumika 2008. Mtu anayepiga msasa mkavu boti ya miaka hiyo anaweza kuwa anavuta kitu hicho hadi leo.

Nilichagua rangi ya shaba inayojisugua yenyewe boti inapotembea. Mkuku ulikuwa na mabaka ya kutu. Tuliyasaga hadi chuma cheupe na kuyafunika kwa praima ya epoksi siku hiyohiyo, kwa sababu rangi ya shaba haitakiwi kugusa chuma kitupu. Koti la kwanza nilipaka jekundu, la pili la buluu, ili siku nyekundu ikianza kuonekana nijue rangi inaisha. Kwenye mstari wa maji na ukingo wa mbele wa mkuku na usukani niliongeza la tatu. Hapo ndipo maji husugua zaidi.

Nusu ya pili ya nyota ilipotea asubuhi ya kushuka. Nilipozunguka mara ya mwisho nilikuta vile vipande vya zinki kwenye shafti, vipya kabisa, vimepakwa rangi. Mtu aliyekuja kumalizia sehemu zilizokuwa chini ya nguzo alipitisha brashi na huko. Zinki ipo ili iliwe yenyewe kwanza, iokoe rafadha na shafti. Ukiipaka rangi umeizima, na kinacholiwa ni rafadha. Nilizikwangua hadi zikang'aa. Kilichoniuma ni kwamba ni kosa la kazi ya dakika moja ambalo madhara yake huonekana baada ya mwaka. Fundi mkuu nilipomwonyesha hakujitetea. Alimwita mpakaji, akamweleza palepale mbele ya boti, kwa upole.

Pia walinikubalia jambo ambalo yadi nyingi hukataa: boti ilining'inia kwenye mikanda usiku mzima wa mwisho, ili niupake rangi ule upande wa chini wa mkuku uliokuwa umekalia magogo.

Kushuka kwenyewe kulikuwa kwa utulivu. Boti ilipoanza kuelea, dereva aliisimamisha ikiwa bado imeshikwa na mikanda, akazima injini ya kreni, akasema, "Shuka ndani ukague, mimi nipo." Nilipita kwa tochi kwenye koki zote saba. Moja ilikuwa inalia jasho kwenye klipu, nikaikaza nusu mzunguko. Shafti ilipozungushwa ilidondosha matone machache kwa dakika, kama inavyotakiwa kwa aina yake. Nilipangusa ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, kwa kitambaa kikavu, nikangoja dakika kumi, nikapangusa tena. Kikatoka kikavu.

Njiani mtetemo haukuwepo na ule mwendo uliopotea umerudi. Nimeshaweka nafasi kwao kwa baada ya miezi 18, si 26 tena, na kwenye fomu ya kazi nimeandika kwa herufi kubwa: ZINKI ZISIPAKWE RANGI.