Seti ya volti 18 ya drili na grenda: mashine nzuri, betri za kuangalia mara mbili

Ndani ya sanduku mna drili yenye nyundo, grenda ya diski ya milimita 115, betri mbili za 2.0 Ah (ampea-saa) na chaja ya ampea 2. Seti za mpangilio huu hutolewa na watengenezaji wengi wa mashine za mkononi, kwa hiyo hapa tunaipima aina yake, si nembo. Hukumu yetu: drili ni mashine ya kazi, ichukue bila wasiwasi. Chaja ni ya polepole lakini haina ubaya. Grenda nayo ni nzuri, ila haikustahili kufungiwa sanduku moja na betri hizo.

Tuanze na maandishi ya kwenye betri, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizounganishwa mfululizo, kila moja ya volti 3.6. Seli iliyojaa hufika volti 4.2, hivyo betri nzima iliyojaa husoma volti 21 kwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Ile iliyoandikwa 20V Max ni seli tano zilezile, imetajwa kwa volti za betri iliyojaa na isiyo na mzigo. Usiongeze hata senti kwa volti 2 ambazo hazipo. Wala usidhani kwamba kwa kuwa volti ni zilezile basi betri ya mtengenezaji mmoja itaingia kwenye mashine ya mwingine: reli na temino (vile vipande vya chuma vya kupitishia umeme) hutofautiana, na adapta ya kuunganisha hizo mbili ina hatari yake tutakayoitaja mbele.

Ah ndiyo ujazo. Betri ya 2.0 Ah kwa kawaida ni safu moja ya seli tano, na ya 4.0 mara nyingi ni safu mbili, seli kumi. Wengi huhesabu tofauti hiyo kwa muda wa kazi tu. Grenda huionyesha kwa namna nyingine kabisa.

Grenda ikikandamizwa kwenye chuma inaweza kuvuta wati 700. Gawanya kwa 18, unapata karibu ampea 39. Kwenye betri ya safu moja ampea hizo zote hupita ndani ya kila seli, ilhali seli nyingi za 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65) zinazotumika kwenye mashine hizi zimekadiriwa kubeba ampea 20 hadi 30 mfululizo. Kwenye safu mbili kila seli hubeba nusu ya mzigo, chini kidogo ya 20. Ndiyo sababu ukiwa na betri ndogo grenda huzima katikati ya kukata. Fundi anasubiri kidogo, anabonyeza tena, inazima tena, kisha lawama zote zinaangushiwa mashine. Mashine haina kosa, inaikinga betri. Ukiendelea kulazimisha, joto linajijenga ndani ya seli na umri wa betri unakatwa kwa miezi. Betri za sandukuni ziache kwenye drili, grenda itafutie ya 4.0 au 5.0.

Kwa upande wa usalama wa grenda yenyewe, neno moja: betri hutoka kwanza, ndipo spana iguse diski. Waya wa grenda ya umeme hukukumbusha kwa kuning'inia, lakini betri haikukumbushi kitu, na kitufe kikiguswa kwa kiganja diski inaruka na vidole vyako viko palepale. Diski ya milimita 115 iliyoandikwa mita 80 kwa sekunde inaruhusiwa hadi mizunguko 13,300 kwa dakika. Soma namba ya mashine uhakikishe haiizidi. Diski za kukatia zina tarehe ya mwisho wa matumizi, imegongwa kwenye ile pete ya chuma ya katikati. Kinga ya diski haitolewi ili diski kubwa ipate nafasi. Hilo halina mjadala.

Drili ndiyo iliyotufurahisha. Mota haina brashi za kaboni, kwa hiyo cheche na vumbi la kaboni havipo, na umeme kidogo zaidi hupotea kuwa joto. Ina gia mbili. Gia ya 1 ni ya skrubu ndefu, keekee nene na msumeno wa tundu. Gia ya 2 ni ya matundu madogo. Kosa tunaloliona kila mara ni msumeno wa tundu kuendeshwa kwa gia ya 2: mota inakaribia kusimama huku kidole kimeng'ang'ania kitufe, na mota iliyosimama ndiyo huvuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Ukisikia inanguruma bila kuzunguka, achia mara moja, rudisha nyuma kidogo, shuka gia. Keekee ikinasa ghafla, kinachozunguka ni mwili wa drili pamoja na kifundo cha mkono wako. Kile kishikio cha pembeni kinachobaki sandukuni kimetengenezwa kwa ajili ya dakika hiyo. Swichi ya kubadili mzunguko ikikaa katikati hufunga kitufe, iweke hapo kila unapoiweka drili chini. Kwa tofali inatoboa vizuri. Kwa zege gumu, ukizidi keekee ya milimita 8 au 10, usiitese. Hiyo ni kazi ya mashine ya nyundo yenye mdomo wa kushikia keekee wa aina ya SDS.

Chaja. Hesabu ni rahisi: Ah za betri gawanya kwa ampea za chaja, kisha ongeza kidogo, kwa sababu betri ikikaribia kujaa chaja hupunguza ampea taratibu na sehemu hiyo ya mwisho huchukua muda wake. Betri ya 2.0 kwenye chaja hii ni zaidi kidogo ya saa moja, ya 4.0 ni zaidi ya saa mbili. Wanaoilalamikia wana haki kama wanafanya kazi mfululizo. Lakini chaja ya ampea 6 ikiisukuma betri ndogo ya 2.0 inaingiza umeme kwa kasi ya mara tatu ya ujazo wake kwa saa, na joto la hapo hulipwa baadaye kwa betri kuzeeka mapema. Kwa betri ndogo, polepole ni sifa. Alama hatukuikata.

Tulichokiangalia zaidi ni kama chaja inasoma joto. Tazama temino za betri: zaidi ya zile mbili nene za chanya na hasi, kuna moja au zaidi nyembamba. Kati yake mna njia ya kipima joto kilicho ndani, na chaja nzuri ikipewa betri iliyotoka kwenye grenda ikiwa moto husubiri, taa ikionyesha hivyo, kisha huanza yenyewe ikishapoa. Hii inafanya hivyo. Hata hivyo usiiachie kazi yote. Betri ya moto iweke kando nusu saa kabla ya kuichaji. Kiwango cha kawaida cha kuchaji ni nyuzi 5 hadi 40 za Selsiasi, na upande wa baridi ndio wenye madhara yasiyoonekana: chini ya nyuzi 0 lithiamu hujipaka kama chuma juu ya upande hasi wa seli badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo hauponi kwa kuipasha betri baadaye.

Mahali pa kuchajia pawe pagumu pasiposhika moto: sakafu ya saruji, bamba la chuma, meza isiyo na kitu. Si juu ya godoro, si kwenye maranda ya mbao, si kwenye njia ya kutokea mlangoni. Matundu ya hewa ya chaja yasizibwe. Vumbi la chuma kutoka kwenye grenda likiingia humo linaweza kuunganisha visivyopaswa kuungana, hivyo usichaji na kukata chuma kwenye meza moja. Chaji ukiwa macho na ukiwa karibu. Taa ya kujaa ikiwaka, toa. Betri za lithiamu hazina ile tabia ya betri za nikeli-kadimiamu ya kutaka kumalizwa kabisa kwanza; ichaji ikiwa nusu, haina neno. Chaja ya nikeli-kadimiamu ya zamani, hata kama plastiki yake inaingia, usiichomeke kwenye lithiamu.

Sasa betri za ziada, ambako hela nyingi hupotea na moto mwingi huanzia. Seli bora ya 18650 ina takriban 3.5 Ah, na zile zinazostahimili mzigo mkubwa mara nyingi ni 3.0 kushuka chini. Kwa hiyo betri ya safu moja ya seli hizo iliyoandikwa 6.0 Ah ni uongo kabla hata hujaifungua, na ya safu mbili iliyoandikwa 9.0 vilevile. Iweke kwenye mizani. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 hivi. Kumi ni kama gramu 450 kabla ya ganda, bodi na temino. Betri inayojiita 5.0 yenye seli kumi lakini inakaa kwenye gramu 350 imebeba hewa. Kasoro mbaya zaidi haionekani kwa mizani: kuna betri za kuiga ambazo mahali pa kipima joto pamewekwa rezista ya kawaida, kipande cha ukinzani usiobadilika kwa joto. Chaja inauliza joto, inajibiwa "nyuzi 25" siku zote, hata betri inapoungua.

Betri iliyokaa miezi bila kuguswa na chaja ikaikataa, ipime. Chini ya volti 10, yaani chini ya volti 2 kwa seli, imekwisha. Ule ujanja wa kuiunganisha kwa waya na betri iliyojaa ili "iamke" unafanya kazi, na hapo ndipo ubaya ulipo: shaba iliyoyeyuka ndani wakati seli ilipokuwa tupu hujijenga upya mahali pasipofaa na kuunda shoti ya ndani. Betri inaamka, inachajiwa, inafanya kazi wiki kadhaa, kisha inawaka ikiwa kwenye chaja. Na zile adapta tulizoahidi kuzirudia: kwenye baadhi ya mifumo, kinachozuia betri isinyonywe kupita kiasi kiko ndani ya mashine, si ndani ya betri. Ukiichomeka kwenye taa au redio kupitia adapta tupu, hakuna wa kusema basi.

Temino zikague kila wiki kama unafanya kazi kila siku. Doa jeusi au plastiki iliyolainika kandokando ya temino maana yake mguso umelegea na umeme unaruka. Mtikisiko wa nyundo na wa msumeno ndio huleta hilo. Safisha kwa brashi kavu. Thina na petroli hupasua plastiki, na msasa huondoa utando wa juu wa temino, kutu ikafuata.

Usingoje betri hizi zivimbe kama za simu. Nyingi zina seli za mkebe wa chuma, hazivimbi. Dalili zake ni joto la upande mmoja betri ikiwa imepumzika, harufu tamu kama ya thina, majimaji, ganda lililopasuka baada ya kuanguka, au chaja kuikataa mara mbili mfululizo. Ukisikia inapuliza kama gesi inayovuja, ondoka na uwatoe watu, kwa kuwa moshi wake una sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni. Ikiwa bado haijawaka na unaweza kuifikia kwa usalama, itoe nje kwenye uwazi. Ikishawaka, maji mengi ndiyo dawa kwa sababu hupoza seli za jirani; zimamoto ya unga huua mwali lakini joto linabaki, na betri inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.

Ya kuhifadhi kwa muda mrefu iache kwenye taa mbili kati ya nne za kuonyesha chaji, kama volti 18.5 hadi 19, mahali pakavu na penye ubaridi, nje ya mashine, temino zikiwa na kifuniko. Mfukoni pamoja na misumari haikai. Kwa ndege, betri za ziada huingia na abiria, si kwenye mzigo wa chini, temino zikiwa zimezibwa. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hakuna kibali; ya 5.0 ni 18 mara 5, yaani 90, inapita. Ya 6.0 ni 108, hiyo omba ruhusa ya shirika kwanza.

Kama duka linauza mashine tupu bila betri, chukua drili na grenda hivyo, kisha betri mbili za 4.0 za mtengenezaji yuleyule na chaja ya ampea 4. Kama ni lazima uchukue sanduku zima, hakikisha betri ya tatu, kubwa, imo kwenye hesabu yako kabla hujalipa, na kabla ya kuondoka kaunta zitie zile mbili kwenye mashine uzitikise: zisicheze.